Ouagadougou, usiku wa Farasi wa Dhahabu

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, unalikata bara kutoka bahari ya mashariki hadi ndani kabisa ya Afrika Magharibi. Nilipitia Addis Ababa, nikatua mwishoni mwa Februari 2019 katika msimu wa harmattan, ule upepo mkavu wa Sahara unaobeba vumbi jembamba na kukupasua midomo kabla hujamaliza foleni ya uhamiaji. Kadi ya homa ya manjano waliitaka kwanza, pasipoti baadaye. Nje ni pikipiki tupu. Akina mama wamefunga watoto mgongoni, wameshika usukani wenyewe, wanapita katikati ya malori bila wasiwasi.

Nilifuata FESPACO, tamasha la sinema za Afrika linalofanyika mara moja kila miaka miwili, ambalo tuzo yake kuu ni Farasi wa Dhahabu. Mwaka ule lilitimiza miaka 50 tangu lianze mwaka 1969, na Rwanda ilikuwa nchi mgeni wa heshima. Lakini kilichonitoa nyumbani ni filamu mbili za upande wetu zilizokuwa kwenye shindano kuu, ambazo sikupata pa kuzitazamia. Moja ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, na Kenya iliipiga marufuku. Mwezi Septemba 2018 mahakama iliiachia kwa siku 7 tu. Ya pili ni La miséricorde de la jungle ya Joël Karekezi wa Rwanda: sajenti na askari kijana wa jeshi la Rwanda wanaachwa nyuma na kikosi chao mwaka 1998, wanapotelea msituni Kivu, na kuanzia hapo hakuna anayejua adui ni nani.

Mji ulikuwa na majeraha. Magaidi waliushambulia Januari 2016, wakarudi Agosti 2017, wakarudi tena Machi 2018. Kwa hiyo kila mlango wa sinema ulikuwa na askari, mikoba inafunguliwa, watu wanapekuliwa mmoja mmoja. Foleni zilikuwa ndefu hata hivyo. Niliona wanafunzi, mafundi waliotoka kazini na mavumbi yao, wazee wawili walioshikana mikono, na mabinti waliovaa faso dan fani, kitambaa cha pamba kinachofumwa kwa mkono nchini humo. Watu wanaokubali kupekuliwa juani ili wakatazame filamu ya nchi nyingine wanastahili heshima yangu yote.

Rafiki niliitazama nikiwa nimekaa na mama mmoja wa makamo aliyekuja na kipepeo chake cha ukili. Maandishi ya Kifaransa yalikuwa yakipita chini ya picha, lakini Kiswahili cha Nairobi kilinifikia kabla yake, nikawa nacheka mapema kuliko ukumbi mzima. Mara ya kwanza mama aliniangalia tu. Mara ya pili akaweka kipepeo mapajani. "Wamesemaje, mwanangu?" Nikamnong'oneza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. Tangu hapo hakuniacha; kila nikicheka ananigusa kiwiko, na kijana wa mstari wa mbele naye akageuza shingo apate kusikia. Nilijisikia fahari kubwa, na papo hapo nikaona uchungu: mama wa Ouagadougou ameiona filamu hii, na shangazi yangu Mombasa hajaiona.

Mapenzi ya watu wa Burkina Faso kwa sinema yana historia. Mwaka 1970, nchi hiyo ikiitwa bado Volta ya Juu, serikali ilitaifisha majumba ya sinema yaliyokuwa mikononi mwa kampuni za Kifaransa. Tangu hapo sinema ikawa mali ya umma, kitu cha kulindwa. Sisi tuliziachia zetu. Avalon na Empress katikati ya Dar zimekufa, Majestic ya Zanzibar imenyamaza, na pale palipokuwa na Drive-In, ambapo wazazi wetu walitazamia filamu ndani ya magari, leo umesimama ubalozi wa Marekani. Waongozaji wetu wanashinda tuzo, lakini filamu zao hazina pa kuonyeshwa nyumbani.

Jumamosi ya tarehe 2 Machi ndiyo ilikuwa ya tuzo, katika Palais des Sports ya Ouaga 2000, mtaa mpya wa majumba makubwa kusini mwa mji. Rais Kaboré wa Burkina Faso alikuwepo, na Rais Kagame wa Rwanda pia. Walipotaja mwigizaji bora wa kike nikasikia Samantha Mugatsia, wa Rafiki, nikaruka kutoka kitini. Mwigizaji bora wa kiume akawa Marc Zinga, mzaliwa wa Kongo, aliyecheza kama sajenti katika filamu ya Karekezi. Shaba, tuzo ya tatu, ilikwenda Tunisia kwa Fatwa ya Mahmoud Ben Mahmoud; fedha, ya pili, ikaenda Misri kwa Karma ya Khaled Youssef. Ilibaki dhahabu. Jina la Karekezi lilipotoka, Wanyarwanda waliokuwa upande wangu walipiga vigelegele, na mimi nikapiga nao. Hakuna Mnyarwanda aliyewahi kuitwaa kabla yake. Pamoja na sanamu huja faranga za CFA milioni 20, fedha ambayo kwa mwongozaji wa kwetu ni mwanzo wa filamu nyingine.

Sanamu yenyewe ni mwanamke juu ya farasi, mkuki mkononi. Ndiye Yennenga, binti mfalme ambaye Wamossi, kabila kubwa la Burkina Faso, wanamtaja kama bibi yao mkuu: alimtoroka baba yake aliyemnyima ruhusa ya kuolewa, akakutana msituni na mwindaji wa tembo, wakazaa mtoto aliyeitwa Ouédraogo, yaani farasi dume. Sasa fikiria: tuzo imechongwa kwa umbo la mwanamke, na katika miaka 50 yote hiyo hakuna mwongozaji wa kike aliyewahi kupewa ile ya dhahabu. Jambo hilo lilizungumzwa sana wiki ile, kwenye vibanda vya mishikaki na kwenye mikutano ya waongozaji, na wanawake hawakulisema kwa sauti ya chini.

Mwaka 2023 nilifuatilia matokeo nikiwa nyumbani. Fedha ilimwendea Apolline Traoré wa Burkina Faso kwa Sira, shaba ikamwendea Angela Wamai wa Kenya kwa Shimoni. Wanawake wawili, na mmoja wao wa kwetu. Dhahabu akaichukua Youssef Chebbi wa Tunisia kwa Ashkal. Mwaka 2025 ikabaki Burkina Faso kwa Dani Kouyaté, mwanamume tena. Toleo lijalo nitakwenda kuangalia kwa macho yangu kama Yennenga atakabidhiwa kwa mwanamke.