Mbuna na joto la Februari

Februari ile Dar es Salaam ilikuwa haikaliki, na mimi nilikuwa na tangi la kioo la lita 200 sebuleni, Magomeni, lenye mbuna wa Ziwa Nyasa. Mbuna ni samaki wadogo wa miambani, wa buluu, wa njano, wengine wa mistari, na kwa ugomvi hawana mfano. Kwao maji ya juu huwa kati ya nyuzi 23 na 28. Kwangu kipimajoto kilisoma 31 hata kabla umeme haujakatika.

Ukakatika saa mbili usiku. Feni ikasimama, pampu ya hewa ikanyamaza, na haukupita muda samaki wote wakawa juu, midomo wazi, wakihema. Wengi hudhani samaki wa namna hiyo anaungua. Kinachomtangulia ni kukosa pumzi. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8 na ushei kwa lita. Yakifika 31 hubaki kama 7 na nusu, na joto hilohilo humfanya samaki ahitaji hewa zaidi.

Nikamkimbilia jirani anayeuza barafu, friza lake lilikuwa bado limeshika. Nilichukua za chupa. Za mfuko mara nyingi huvuja, na maji ya bomba yana klorini, sumu kwa samaki. Nikawa naelesha chupa moja moja, maana ukizitia zote kwa mpigo, baridi ya ghafla nayo huua. Kipimajoto kikashuka hadi 30. Samaki wakabaki palepale juu.

Shangazi, ambaye alikuwa amekuja mjini kwa matibabu, alikuwa mkekani akijipepea kwa kipande cha boksi. Kazaliwa Mbamba Bay, na tangu afike alikuwa akiniuliza hao samaki watakaangwa lini. Akanyanyuka, akamulika tangi kwa simu.

"Wewe mtoto, unawapa baridi, wenzako wanataka hewa. Ziwani mawimbi yanapiga mawe kutwa. Haya maji yako yamelala."

"Umeme hakuna, shangazi. Nifanyeje?"

Hakunijibu. Alichukua jagi la plastiki, akachota humohumo tangini, akaliinua hadi usawa wa bega, akamimina. Maji yakapiga, yakatoa povu jeupe lililozama hadi kwenye mawe. Akachota tena. Sebule nzima ililowa, zulia la mke wangu likiwemo, lakini baada ya muda wadogo wakaanza kuteremka mmoja mmoja. Tukapokezana, yeye na mimi, na mwanangu wa kwanza alipoamka akapewa kazi ya tochi.

Umeme ulirudi karibu na adhana ya alfajiri. Tulimpoteza mmoja tu, dume la buluu, kubwa kuliko wote. Mwili mkubwa hula hewa nyingi, na yeye usiku kucha hakuacha kuwafukuza wenziwe.

"Kiburi," shangazi akasema, akaenda kulala.

Wiki ileile nilihamisha tangi kutoka ukuta unaopigwa na jua la jioni, nikanunua pampu ya betri, na kifuniko cha kioo nikakibadilisha kwa wavu, maana mbuna wanaruka. Juu ya wavu nikaielekeza feni ipulize usawa wa maji. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto lake, na siku ya hewa kavu nilikuwa napata nyuzi 2 au 3. Siku za unyevu, zile ambazo hata jasho lako halikauki, feni haifui dafu. Maji nayo hupungua, kwa hiyo kila asubuhi ilinibidi niongeze yaliyolala kwenye ndoo.

Feni yenyewe ilikuwa ya sebuleni, hatukuwa na nyingine. Mke wangu alivumilia hadi Ijumaa, kisha akaniambia nichague nani apepewe. Jumamosi nilikuwa Kariakoo, nabembeleza bei ya feni ya pili.