Dafu la siku ya tatu

Jino nililong'olewa lilikuwa la mwisho kabisa, chini kushoto, lile ambalo kwenye kadi tunaliandika 38. Nilikuwa na miaka minne kazini kama msaidizi wa daktari wa meno jijini Dar es Salaam, na maelekezo ya baada ya kung'oa niliwatajia wagonjwa kila siku bila kuangalia karatasi.

Eksirei ilionyesha gego limelala, kichwa limekiegemeza kwa jirani yake, 37. Nusu yake ilifunikwa na fizi, na chini ya kile kifuniko chakula kilikuwa kinaingia hakitoki. Mwaka huo fizi ilishavimba mara tatu. Siku niliyokwenda na uvimbe daktari alikataa kunigusa: ganzi haishiki vizuri kwenye nyama yenye uambukizo. Dozi ya siku tano kwanza, ndipo kiti.

Sindano aliichoma nyuma ya taya, karibu na neva inapoingia kwenye mfupa: kichupa cha mililita 1.8, lignokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini. Kabla ya kusukuma alivuta bomba nyuma kidogo, ahakikishe hayumo kwenye mshipa wa damu. Moyo ukanienda mbio. Hiyo ni adrenalini, huwa nawaambia wagonjwa, si woga. (Haya, na woga ulikuwepo.) Tukangoja mpaka nusu ya mdomo wa chini ikawa kama ya mtu mwingine, mdomo ukiwa bado unahisi, hakuna kukata.

Akachana fizi, akasaga mfupa unaolizunguka jino huku mwenzangu akimwagia maji ya chumvi ya dripu, maana mfupa ukipata moto unakufa. Kisha akalipasua jino, kichwa mbali na mizizi mbali. Watu hudhani daktari anavuta kwa nguvu za mikono. Gego lililolala halivutiki, jirani yake amelizibia njia, kwa hiyo hutoka vipande vipande. Ganzi nayo huondoa maumivu, haiondoi msukumo wala mlio. Lilipopasuka nililisikia ndani ya kichwa, kama mtu anavunja muwa chumba cha pili. Nyuzi tatu za hariri nyeusi, shashi iliyokunjwa, ng'ata dakika 45, nyumbani.

Nilimeza ibuprofen miligramu 400 na paracetamol gramu 1 kabla ganzi haijaisha, kwa sababu ukisubiri maumivu yafike, dawa inayakimbiza kwa nyuma. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 20 shavuni, 20 pembeni. Mtori uliopoa. Mate yenye wekundu niliyameza, sikutema. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi yalingoja saa 24 zipite. Siku ya tatu shavu lilikuwa limejaa kama nina andazi mdomoni, na kinywa kilifunguka vidole viwili tu badala ya vitatu. Yote hayo ni kawaida.

Jioni yake nikatoka kupunga upepo. Joto, kiu, na muuza madafu akaniambia, "Dada, mrija huu hapa." Nikavuta hadi tone la mwisho.

Kinachojaza shimo la jino ni bonge la damu, laini kama jeli, na nyama mpya huota humo humo. Likitoka, mfupa hubaki uchi. Siwezi kuapa kwamba ni mvuto wa mrija uliolitoa; gego la chini lililosagiwa mfupa huwa katika hatari hiyo hata bila dafu. Ila alfajiri maumivu yalinipanda mpaka sikioni, vidonge havikuyagusa, na pumzi ikanuka hata mimi mwenyewe nikaisikia. Nikamulika kwa tochi ya simu, kijiko kikavuta shavu. Pale palipokuwa na wekundu mzito niliona rangi ya kijivu, kavu.

"Hata wewe?" daktari akasema, basi.

Hakuniandikia antibayotiki, shimo kavu si jipu. Aliosha kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu bila kukwangua, akapachika kipande cha shashi chenye yujenoli, dawa ile ile iliyomo kwenye mafuta ya karafuu. Katika dakika chache maumivu yakalegea. Nyumbani mama akaniambia, "Mwanangu, unanuka pilau." Shashi hiyo haiyeyuki, sharti itolewe, kwa hiyo nilirudi baada ya siku mbili ikabadilishwa, kisha tena. Siku ya saba nyuzi zikatoka.

Shimo lilijaa polepole, wiki kwa wiki. Kila nikimaliza kula nililiosha kwa bomba la mililita 10 lisilo na sindano, ncha ikiwa mdomoni mwa shimo, maji yakisukumwa taratibu. Punje za wali ndizo zilizosumbua kuliko chochote.