Trei ikionekana ina nafasi, usikimbilie kuongeza waya

Yaani trei nyingi za nyaya, zile njia za chuma za kulazia kebo juu ya dari au ukutani, zinaharibika baada ya fundi wa kwanza kuondoka. Ilifungwa vizuri, halafu akaja wa CCTV akapitisha zake, akaja wa AC, akaja wa jenereta, kila mmoja anachungulia juu ya dari anaona bado kuna pa kulaza anarusha, baada ya muda ni rundo tupu na hakuna anayejua kebo ipi inaenda wapi.

Sasa shida kubwa hapo ni joto kuliko hata uzito. Kebo ikibeba mzigo inachemka, na hilo joto lazima lipate pa kutokea. Chukua mfano kebo inayoweza kubeba ampea 100 ikiwa peke yake kwenye trei ya matundu. Zilaze 9 za namna hiyo zikigusana tabaka moja, kwa jedwali la IEC 60364, kiwango cha kimataifa cha ufungaji umeme, kila moja inabaki na ampea 72. Zifunge hizo hizo 9 kwa pamoja kama mzigo wa kuni, kila moja inashuka mpaka ampea 50 hivi! Na breka yako ya ampea 80 haijui lolote kuhusu hilo, itakaa tu imetulia huku kebo ya katikati inapita nyuzi 70 ambazo ndio mwisho wa PVC, ile plastiki ya ganda la kebo, ganda linakauka taratibu linapasuka, siku moja shoti, watu wanasema ooh umeme ulizidi. Breka ilikuwa nzima jamani, ila ilichaguliwa kwa kebo iliyokuwa peke yake.

Kwenye kufunga mimi naangalia kwanza bolti. Kichwa cha mviringo kikae ndani upande wa nyaya, nati iwe nje, maana ukigeuza ile ncha ya bolti inabaki imetokeza ndani na siku ya kuvuta kebo inachana ganda mstari mrefu, na wala hutaona kwa sababu mchano uko chini. Hivyo hivyo ukikata kwa grainda, piga tupa ule ukingo mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa kisha paka rangi ya zinki, la sivyo kutu inaanzia hapo hapo. Maungio yasikae katikati ya braketi mbili zinazobeba trei, yasogeze karibu robo ya umbali ambapo trei haipindi sana.

Trei ndefu ya chuma nayo inatanuka, mita 30 ikipanda nyuzi 40 inaongezeka kama milimita 14, kwa hiyo weka kiungo cha kutanukia na uunganishe pande zake mbili kwa waya wa erthi, usitegemee chuma kugusana. Hata kwenye maungio ya kawaida, kama trei imepakwa rangi kwangua mpaka chuma kionekane au tumia viunganishi vinavyotoboa rangi. Na trei sio ya kukanyaga, hata kama una haraka.

Kuna na yale matundu ya ukutani, mtu anabomoa kizuizi cha moto apitishe kebo moja ya data halafu anaacha wazi, moto ukitokea chumba cha pili moshi unapita kama mlango umeachwa.

Ukaguzi ukifika piga kamera ya joto wakati mzigo uko juu, usiku majengo yakiwa matupu utaona kila kitu kiko poa tu na haitakusaidia. Ukitaka kufungua na kukaza maungio ya umeme ndio uzime, ufunge swichi kwa kufuli, upime kwanza kuwa hakuna umeme. Na kabla hujaomba trei mpya toa kebo zilizokufa, zipo nyingi kuliko unavyodhani, ila usikate kwa kukisia, ifuate mpaka ncha zote mbili uzione kwa macho yako na upime, kwa sababu kuna ambayo ncha moja imechomolewa na nyingine bado iko kwenye breka.