Kumi na Nne, Arobaini na Moja

Mkuu wa wapagazi alinipa kipande cha chaki, rundo la vibao vya bati vyenye namba, na onyo moja. "Mtoto wa Mombasa, begi dogo linapanda Treetops, begi kubwa linalala hapa. Ukichanganya, wewe ndio utalala nje."

Ilikuwa Agosti 1988. Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Utalii, Nairobi, nimepelekwa hoteli ya Outspan kule Nyeri kwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazini. Kwetu Kisauni, Agosti ni upepo wa kusi na usingizi mtamu. Nyeri, Agosti ni ukungu unaoingia mpaka ndani ya soksi. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia mzee yule, "Shikamoo," naye akanijibu kwa bashasha, "Mzuri sana!" Hapo nikajua nimefika bara.

Chumba cha mizigo kilinuka ngozi, nta ya sakafu na makoti yaliyoloana. Kila siku kabla ya saa sita, magari ya watalii yaliwasili kutoka Nairobi. Watu walishuka, wakanyoosha viuno, wakageukia upande walioambiwa kwamba Mlima Kenya upo, wakaona wingu. Wengine walilipiga picha wingu lenyewe. Kisha chakula cha mchana, na baada ya saa nane basi la hoteli likawachukua kilomita kama 17 hadi msitu wa Aberdare, kulala Treetops, nyumba ya wageni ya msituni, na kutazama wanyama usiku kucha. Vyumba vya kule vilikuwa vidogo kama kabati, kwa hiyo kila mgeni aliruhusiwa kibegi kimoja cha usiku. Masanduku yake yalibaki kwetu hadi kesho yake asubuhi atakaporudi kunywa chai.

Wiki mbili za kubeba masanduku zilinifundisha biashara ya hoteli kuliko mhula mzima darasani. Jina lililowatoa watu Ulaya lilikuwa la Treetops, lakini sufuria zilichemka Outspan. Mgeni yuleyule wa usiku mmoja alikula kwetu, akanunua bia kwetu, akanunua kadi za posta kwetu, na bakshishi akaacha mara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Sisi wapagazi tuliijua hesabu hiyo vizuri kuliko mhasibu.

Aliyeianzisha hesabu hiyo ni Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, yule mwasisi wa maskauti. Yeye na mkewe, Lady Bettie, walifungua Outspan mwaka 1928, wakati Nyeri tayari ilikuwa na hoteli nyingine ya masetla, White Rhino. Jina la Outspan ni la Makaburu wa Afrika Kusini: ni pale msafiri anapowafungua maksai nira ili wapumue. Lakini kupumua tu hakujazi vyumba. Mwaka 1932 Walker akajenga vyumba viwili vya mbao juu ya mti wa mugumo, kando ya bwawa wanakokunywa wanyama, na kuanzia hapo hoteli ikawa na kitu cha kuuza ambacho jirani yake hakuwa nacho. Sijui kama alijali kwamba mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa ibada. Mzee wetu wa mizigo alijali. Alisema, "Wao waliona ngazi."

Baden-Powell naye akaja kumalizia uzee palepale. Mwaka 1938 alijengewa nyumba ndogo ndani ya uwanja wa hoteli. Ya Uingereza ilikuwa ikiitwa Pax Hill, hii akaiita Paxtu, kwa kuchezea Kiingereza: Pax ya pili. Alifariki humo tarehe 8 Januari 1941. Mimi nilikuwa skauti tangu shule ya msingi, na Jumapili yangu ya kwanza ya mapumziko nilishuka hadi makaburini mjini. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani: nimekwenda nyumbani. Nikapiga saluti ya vidole vitatu, kisha nikageuka haraka kuangalia kama kuna aliyeniona. Makaburini humo pia amelala Jim Corbett, mwindaji wa simbamarara wa India, ambaye naye aliishi Paxtu hadi alipofariki mwaka 1955. Nyumba moja ndogo, wageni wawili maarufu, na wote wakaizidishia hoteli jina kwa kufa karibu nayo. Nasema hivyo bila dharau. Historia ya hoteli ndivyo inavyotengenezwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kulikuwa na mwongoza watalii mmoja mwenye sauti ya muadhini. Siku hiyo aliwasimamisha watu wake kwenye majani, hatua chache kutoka dirishani kwangu, akaanza kile kisa ambacho kila mtu Nyeri anakijua. Februari 1952, binti mfalme Elizabeth na mumewe walipanda Treetops. Corbett alikuwepo usiku ule. Na usiku uleule, kule Uingereza, mfalme George wa Sita akafariki usingizini. "Alipanda mti binti mfalme," yule bwana akapaza sauti, akanyamaza, akawatazama mmoja mmoja, "akashuka malkia!" Nilikuwa nimekisikia kisa hicho pengine mara kumi, na kila mara mkono wangu ulisimama. Mara hii ulisimama ukiwa na vibao viwili.

Mabegi mawili ya turubai ya kijani, ndugu wa baba mmoja. Namba 14 lilikuwa la bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anapanda Treetops. Namba 41 lilikuwa la bwana aliyebaki Outspan kuvua samaki aina ya trauti katika mto Chania, unaopita bondeni chini ya hoteli. Basi likaondoka. Saa kumi na moja kasoro meneja aliniita, na uso wake ulinieleza kabla ya mdomo. Yule bibi alikuwa amefungua begi kutafuta dawa zake za moyo, akakuta ndoana zilizopambwa kwa manyoya ya ndege. Na kwetu, yule mvuvi alikuwa amekaa baa na gauni la kulalia mapajani, anauliza kwa upole sana kama huu ni utaratibu wa hoteli.

"Utalipeleka wewe mwenyewe," meneja akasema. "Na utaomba radhi wewe mwenyewe."

Nikapanda Land Rover, begi nimelipakata kama mtoto mchanga. Barabara ilipita mashamba ya kahawa, ikapita geti la mbuga, halafu mwanga ukaanza kupungua. Gari halikufika hadi mlangoni. Lilisimama pembeni, na hapo alikuwapo mwindaji wa hoteli, mwanamume mwembamba mwenye bunduki ndefu na kofia ya jeshi. Wageni wote walitembezwa kipande hicho cha mwisho kwa miguu. Ilikuwa sehemu ya kile walichokilipia. Kando ya njia kulikuwa na vizuizi vya miti vya kujibanza, na ngazi za vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwenye mashina.

"Za nini hizi?"

"Nyati akija, panda."

"Na begi?"

Akaniangalia, akaliangalia begi. "Nyati hawezi kusoma namba," akasema, akatangulia. Kwa hiyo habari ilikuwa imeshafika kabla yangu.

Bibi alikuwa barazani, amejifunika blanketi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kuomba radhi tangu getini, kwa Kiingereza cha chuoni, yote yakanitoka bila nukta. Alifungua begi, akatoa kichupa cha kahawia, akahesabu vidonge viwili juu ya kifuniko, akavimeza na chai yake iliyokwisha kupoa. Vidole vyake vilitetemeka kidogo. Mpaka leo hicho ndicho ninachokikumbuka kwanza: vidonge viwili vyeupe, na kile kifuniko kikigongana na kikombe. Nilikuwa nimechezea moyo wa mtu kwa ajili ya kisa.

Alipomaliza akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kunisaidia nisione haya, "Mwanangu, huu ndio mti wenyewe? Alioupanda?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Mwindaji alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno, ila nilisikia kiatu chake kikisogea ubaoni.

Kurudi usiku haikuwezekana, nikapewa godoro karibu na jiko. Sikulilalia. Kiasi cha saa tatu tembo walitoka msituni, kwanza jike mmoja mkubwa, kisha kundi. Taa kubwa zilimulika bwawa na uwanja ulio mbele yake, na nilishangaa jinsi walivyokuja bila kishindo, viumbe wa tani tatu wanaotembea kama waliovaa kandambili za sufi. Hawakwenda majini. Walisimama pale mbele ya baraza, wakachimba udongo kwa pembe, wakaupepeta kwa mkonga, wakautia kinywani.

"Wanakula nini?" nikamnong'oneza mwindaji.

"Chumvi. Tunamwaga jioni kabla ya chai."

Nikamtazama. Akainua mabega. Aliniambia nitazame ng'ambo, taa zinakoishia: kote kule palikuwa msitu mnene alipoanza kazi, na ni haohao tembo walioufyeka, wanakuja kwa chumvi, wanaondoka na magome ya miti. "Mti wa Elizabeth ulikuwa upande ule," akasema, akaelekeza kidevu penye giza. "Ule uliungua. Vita vya Mau Mau, 1954. Hii nyumba ni ya 1957, ina nguzo zake. Wewe chuoni mnafundishwa nini?"

Sikuwa na jibu. Barazani yule bibi alikuwa amesimama, blanketi limemdondoka miguuni, mikono miwili imeshika ukingo wa mbao. Hakupiga picha hata moja.

Asubuhi nilirudi na basi la wageni. Mlima ulikuwa umejifunua, kilele cheupe na makali yake yote, na kwa dakika kama ishirini hakuna aliyezungumza lugha yoyote. Kufika Outspan, mkuu wa wapagazi alikuwa kwenye kigoda chake. Nikamwambia yote, hata lile nililomjibu bibi. Nilidhani atacheka.

"Ulimdanganya mgeni," akasema.

"Mzee, kila mtu anawaambia hivyo."

"Kila mtu nani? Mimi nimewaambia?" Akakunja kitambaa chake cha kung'arishia viatu mara mbili, mara nne. "Mti uliungua Mei. Mwaka huohuo mimi nachimba handaki la kijiji, fimbo nyuma, wametuhamisha wote tusiwapelekee chakula watu wa msituni. Kimathi, mkubwa wa hao wa msituni, walimhukumu hapa hapa Nyeri. Ukisema mti uko, umesema hakuna kitu kiliungua." Alinyamaza, kisha akaongeza kama anayesahihisha hesabu ya duka: "Na huyo Elizabeth hakushuka akijua kitu. Asubuhi alirudi Sagana, kwa ile nyumba yao. Habari alipata huko. Huyu wa kelele anapenda tu mdomo ukae vizuri."

Nilikwenda kumtafuta bibi. Alikuwa anakula mayai peke yake karibu na dirisha. Nikamwambia kwamba jana nilikosea, mti ule uliteketea, na uliteketezwa na nani, na katika vita gani. Alisikiliza hadi mwisho, uma mkononi. Akasema mumewe marehemu alikuwa askari Nyeri hii hii, 1954. Ndiyo sababu alikuja. Hakuwahi kusimuliwa chochote na mumewe isipokuwa kwamba kulikuwa na baridi. Halafu akaniuliza handaki ni kitu gani hasa, na lilichimbwa wapi, nami sikujua la kumwambia. Nikamwonyesha mzee aliyeketi nje kwenye kigoda.

Sikusikia walichozungumza. Nilikuwa mkalimani pekee aliyekuwepo na hawakuniita. Kiingereza cha mzee kilikuwa cha mizigo, "yes sir" na "this way", lakini walikaa pale hadi dereva wake akapiga honi mara mbili.

Mwaka 2021 Treetops ilifungwa, janga la korona lilipokwisha kukausha watalii. Nilipoisoma habari hiyo gazetini, sikumfikiria malkia. Nilifikiria tembo, watakavyofika jioni wakute udongo hauna kitu.

Siku ile alipoondoka yule bibi, mchana magari yalikuja tena. Wingu lilikuwa limerudi mlimani. Yule mwenye sauti ya muadhini akawapanga watu wake kwenye majani, akakohoa, akaanza. Mimi nilikuwa nafunga vibao, macho kwenye namba. Alipofika kwenye "akashuka malkia", mzee, akiwa ameinamia sanduku, akasema kwa sauti ya chini, "Sagana," akalisukuma kwangu. Nikatafuta kibao kinachofuata, 41, sikukiona. Kilikuwa kimepigiliwa msumari juu ya mlango wa chumba cha mizigo, na nilipoondoka Oktoba nilikiacha hapohapo.