Jinsi nilivyoacha kuikimbiza ngoma

Nilipoambiwa naitangulia ngoma, dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa kungoja: nisikie mlio kwanza, ndipo nipige. Hakuna njia mbaya kuliko hiyo. Sauti ikija bila kutarajiwa, mkono huchukua kama milisekunde 150 hadi 200 kuijibu (milisekunde 1000 ni sekunde moja). Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, toka pigo hadi pigo ni milisekunde 500, kwa hiyo anayengoja hula karibu theluthi ya nafasi yote kabla kiganja hakijagusa ngozi. Anayekwenda na mdundo hangoji: anakisia pigo lijalo na kuutuma mkono mapema, ili vifike pamoja.

Kwa hiyo nikaanza kwa kupima. Simu moja inapiga metronomu, yaani programu ya kutoa mlio kwa kila pigo, kwa spika yake, mapigo 100 kwa dakika, na nyingine inarekodi. Hiyo ya kurekodi ikae sentimita 30 hivi kutoka kwenye spika, na umbali kama huo kutoka kwenye mikono. Chagua mlio mfupi na mkali, piga makofi 30, na matano ya mwanzo usiyahesabu kwa sababu hapo mtu bado anautafuta mwendo. Rekodi ihamishie kwenye kompyuta na uifungue kwa Audacity, programu ya bure. Ukiikuza utaona miiba miwili kwa kila pigo, mmoja wa metronomu na mmoja wa kofi. Buruta kutoka mwiba hadi mwiba, soma urefu, na uandike kwa alama ya kutoa ukiwa umetangulia. Ikiwa miiba imemezana na huoni ila mmoja, andika sifuri.

Angalizo kuhusu Bluetooth. Spika moja ya Bluetooth ikisikiwa na watu wote haina shida, maana wote wanachelewa pamoja. Tatizo ni pale mmoja anaposikiliza mdundo kwa vipokea sauti visivyo na waya huku wenzake wakisikiliza kwa kifaa kingine: sauti hiyo mara nyingi hufika ikiwa imechelewa zaidi ya milisekunde 100. Atapiga sawasawa kabisa na anachokisikia, na bado ataonekana hajui. Tumia waya.

Toka kwenye orodha hiyo unapata mambo mawili: wastani, na jinsi namba zinavyotawanyika. Wastani wa kutangulia kidogo si ugonjwa. Knight Dunlap, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1910 kuhusu watu wanaojaribu kwenda sawa na mapigo, na tangu hapo vipimo vimekuwa vikirudi na jibu lilelile: asiye mwanamuziki hugonga mbele ya mlio kwa milisekunde 20 hadi 80 hivi, naye anaapa kwamba yuko sawa. Wapigaji waliozoea hutangulia kwa kiasi kidogo zaidi. Mimi naogopa zaidi mtawanyiko. Mtu anayetangulia kwa kiasi kilekile kila mara, wenzake humzoea. Anayekuwa -60 hapa na +40 pale hakuna anayeweza kumfuata.

Tiba niliyoiona ina nguvu ni kuijaza nafasi kati ya mapigo, na hapa Kiswahili kinatupa zawadi. Moja hadi kumi, kila namba ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza: MO-ja, MBI-li, TA-tu. Ukihesabu kwa sauti huku mkono ukigonga silabi ya mkazo, ile ya pili inaangukia katikati ya pigo na pigo, na tayari umeigawa nafasi mara mbili. Mtego uko kwenye nne. Silabi yake ya kwanza ni "n" tupu, inaanza kwa kuvuma bila kishindo, na wengi hujikuta mkono unangoja "ne". Pigo la nne linachelewa, kisha wanakimbilia moja ili kufidia. Ukisikiliza rekodi utaligundua hilo haraka kuliko kosa lolote. Kwenye gwaride mambo ni tofauti: ku-SHO-to, ku-LI-a. Mguu unashuka kwenye SHO na LI, na "ku" inapita kabla yake kama kunyanyua mguu. Anayekanyaga kwenye "ku" yuko mbele ya kikosi kizima.

Kazi hiyohiyo ya kujaza ndiyo ya kayamba. Watu husema ni pambo. Mimi nikiwa na kwaya inayokimbia, huongeza kayamba kabla sijamgusa mpiga ngoma.

Mwendo wa polepole ndio mgumu, si wa haraka. Mlio mmoja ukiachana na mwingine kwa karibu sekunde 2, kukisia kunavunjika na mtu anaanza kungoja. Kwa hiyo kwa mapigo 40 kwa dakika, weka metronomu kwenye 80 na ugonge la kwanza, acha la pili. Pia zima taa ya skrini inayomulika kila pigo. Macho hufuata mmuliko vibaya kuliko masikio yanavyofuata mlio. Mkono wa mwongozaji wa kwaya ni afadhali, kwa kuwa unauona ukishuka na unajua utatua lini.

Ukishatulia, zima sauti kwa duru 2 za mapigo manne, iwashe kwa duru 2, ukiendelea kupiga. Mlio ukirudi unajua papo hapo umekwenda wapi. Ukipiga sawasawa kofi huumeza mlio, hausikiki, na wengi hudhani metronomu imezimika.

Kuna kosa moja lisilotibika kwa mazoezi. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Kikosi cha urefu wa mita 50 kikiwa na ngoma mbele, wa mwisho anaisikia imechelewa milisekunde 146, karibu theluthi ya hatua kwa mwendo wa hatua 120. Ukitazama kwa ubavu unaona miguu ikishuka kama wimbi, na wa nyuma wanagombezwa bure. Hamishia ngoma katikati, uchelewaji wa juu kabisa unabaki milisekunde 73.