"Sorcière" si "mulozi": kuwasomea watoto bede za maajabu Lubumbashi

Mtoto wa miaka sita au saba hapa Lubumbashi anafungua bede, yaani kitabu cha hadithi ya picha, akiwa na Kiswahili cha nyumbani mdomoni na Kifaransa cha shule ambacho bado kinachechemea. Kwa hiyo anayemsomea, awe mama, baba au yaya, anatafsiri papo hapo huku macho yakitangulia mbele ya ulimi. Hadithi za maajabu zilizo pole, zile za joka linalopanda maua na msitu unaopiga soga, haziharibiwi na Kifaransa kigumu. Huharibiwa na maneno matatu au manne yaliyotafsiriwa mbio.

La kwanza ni "sorcière". Ukisema "mulozi", yaani mchawi, hadithi imekwisha. Kwenye picha kuna bibi mwenye kofia ndefu anayemchemshia paka wake dawa ya kikohozi. Masikioni mwa mtoto kuna mtu anayekula watu usiku. Na neno hilo kwetu si la mchezo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na haikuandikwa bure. Vitabu vingi vya aina hii vina msichana anayejifunza kazi ya huyo bibi. Hebu jisikie ukimwita "mulozi mdogo" na watoto wa jirani wamekaa mkekani. Usitazame neno, tazama anachofanya. Akiponya kwa majani, ni mganga. Akitoa cheche kwa kijiti, ni mwenye maajabu. "Miujiza" iache kanisani, la sivyo utaulizwa bibi huyo anasali wapi.

"Sirène", mwanamke mwenye mkia wa samaki, nayo ina mtego wake. Mji huu una jina lake huyo tayari, mamba muntu, na wachoraji wetu wamemchora miaka na miaka kwa ajili ya kuta za sebule: nywele ndefu, nyoka kando, maji nyuma. Huyo hutoa utajiri kisha hudai malipo yake. Yule wa kwenye bede amepoteza kombe lake la baharini tu na analitafuta. Mwite binti samaki.

Majina ukishayachagua, yaandike kwa penseli upande wa ndani wa jalada. Leo anasoma mama, kesho yaya. Bibi akibadilika kutoka mganga kuwa kitu kingine katikati ya kitabu, mtoto atakusimamisha, na ana haki.

Milio inatafsirika vizuri kuliko maneno yenyewe. "Plouf" ni chubwi, "toc toc" ni kokoko, "boum" ni puu. Isome kwa sauti ya juu kuliko mazungumzo; imeandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu hiyo.

Mpangilio ni wa kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, na ndani ya kila kisanduku puto la maneno lililo juu zaidi husomwa kwanza. Penye kuchanganya ni kisanduku kirefu kinachoshuka upande mmoja, na viwili vidogo vimepangana pembeni yake: kikiwa kushoto, kimalize kwanza, kisha shuka na vile viwili. Kidole kiweke kwenye mkia wa puto, si kwenye maneno. Kifaransa kina "il" na "elle", sisi tuna "a" moja tu: "alisema", nani? Mkia ndio unaomjibu mtoto. Puto lenye viduara vidogo badala ya mkia ni wazo, hivyo punguza sauti. Kisanduku kisicho na neno lolote usikijazie maelezo. Hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo, kisha ngoja. Mara nyingi mtoto ndiye anayeona panya nyuma ya mlango.

Alibamu ya kawaida ya bede ina kurasa 48. Ukitafsiri bila haraka, kurasa kumi kwa jioni zinatosha. Ukitaka kukatiza, katia chini ya ukurasa wa kulia, kwenye kisanduku cha mwisho. Wachoraji hulijua jani linalogeuzwa, na jambo la kushtua hulificha nyuma yake. Ukiacha katikati ya ukurasa wa kushoto, mtoto amekwishaiona picha ya kulia na siri imekufa.

Umeme ukikatika, karatasi inayong'aa hurudisha mwanga wa taa ya sola machoni. Taa iwe pembeni, juu kidogo ya bega la kushoto, na kitabu ukiinamishe mpaka weupe ule uondoke. Kurasa za usiku, zile za buluu juu ya buluu, ziahirishe mpaka mchana. Kwa taa ndogo hazionekani, na katika hadithi pole ndizo zenye kazi nzuri kabisa ya rangi.

Ukinunua cha mitumba, anza mgongoni. Namba ya kitabu iko hapo, na orodha ya mfululizo mara nyingi iko kwenye jalada la nyuma. Kisha fungua ukurasa wa mwisho: ukikuta "à suivre", kisa hakijaisha, na kitabu kinachofuata unaweza kukitafuta mwaka mzima. Ukikuta "fin", chukua hata kama ni cha tatu. Fungua pia katikati kabisa: uzi ukionekana kwenye mkunjo, kimeshonwa na kitavumilia mikono ya watoto watano. Kilichobandikwa kwa gundi peke yake huachia kurasa za katikati kwanza, hasa mtoto anapokilaza wazi kifudifudi ili asipoteze mahali. Mpe utepe wa kitambaa aweke humo.