Mkila na Kunywa vya Kwao

Somo: Luka 10:1–9

Wapendwa katika Bwana, miezi ya Julai na Agosti inapokaribia, sharika nyingi za mijini na vikundi vya vijana wa vyuo walio likizoni hupanga safari za umisheni za wiki moja au mbili kwenda vijijini, na baadhi yao huambatana na wageni kutoka Marekani na Ulaya. Sehemu kubwa ya maandalizi ni mizigo: mahema, jenereta, spika, maboksi ya dawa, marobota ya nguo za mitumba, katoni za maji ya kunywa, na mara nyingi mpishi wa kikundi pamoja na masufuria yake. Sina shaka na upendo uliofungwa ndani ya mizigo hiyo. Hata hivyo, wale sabini waliotumwa na Bwana, ambao safari yao nayo ilikuwa fupi, waliagizwa wasichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu. Walikwenda wakiwa na upungufu waliopangiwa na aliyewatuma, na upungufu huo uliwalazimu kubisha hodi na kupokelewa.

Tuangalie mpangilio wa maagizo yenyewe. Wakiingia nyumbani, kwanza watoe salamu ya amani. Kisha wakae katika nyumba hiyo hiyo, “mkila na kunywa vya kwao”, wasihamehame. Ndipo katika aya ya 9 wanaambiwa wawaponye wagonjwa, na baada ya hapo watangaze kwamba Ufalme wa Mungu umewakaribia. Sisi mara nyingi huanza na tangazo kwa kipaza sauti siku ya kwanza jioni, tukafuatia na matibabu, na chakula cha wenyeji hatukifikii kabisa, kwa kuwa chetu kinapikwa nyuma ya hema.

Agizo hilo la kula si dogo. Katika vijiji vya Ugogo, mkoani Dodoma, mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mwezi wa Julai mavuno yamekwisha kuingia ndani. Ndio wakati ambao mama wa nyumba ana uwele wa kusaga, ana mlenda mkavu aliouhifadhi, na pengine ana jogoo aliyemtenga kwa ajili ya mgeni. Anapoletewa robota la nguo huku ugali wake ukikataliwa, anafundishwa bila neno kusemwa kwamba yeye ni wa kupokea tu, hata katika mwezi ambao Mungu amemjalia cha kutoa. Huo nao ni ujumbe unaohubiriwa, na nachelea kwamba husikika mbali kuliko spika zetu. (Sisemi mtu anywe maji ya lambo yasiyochemshwa, maji huchemshwa kijijini kama yanavyochemshwa mjini, na mwenyeji haoni vibaya akiombwa kufanya hivyo.)

Kuhusu matibabu ni lazima tuseme wazi zaidi. Kumpima mzee, kumkuta na shinikizo la juu la damu, kumpa vidonge vya wiki mbili na kuondoka, ni kumwanzishia dawa ambayo kwa kawaida huhitajika kila siku kwa muda mrefu, bila kujua ataipata wapi vidonge vikiisha. Mganga wa zahanati ya kijiji ndiye atakayebaki naye. Basi huyo ndiye wa kuulizwa kabla ya safari ni dawa gani anazozipata, na ndiye wa kuketi mezani siku ya kliniki, daftari la wagonjwa likiwa mikononi mwake. Kwenda kuripoti kwa mtendaji wa kijiji ni jambo jema na la lazima, lakini hakuchukui nafasi ya mazungumzo hayo.

Jambo hilo hilo linamhusu mwinjilisti wa mtaa. Kikundi kikisharudi mjini na idadi ya walionyoosha mikono kumpokea Yesu, yeye ndiye atakayewatafuta kwa baiskeli mmoja mmoja, na wapo atakaowakuta walikwisha kunyoosha mikono mwaka uliopita pia. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika pwani ya Mombasa mwaka 1846, akakaa karibu na Rabai kwa sehemu kubwa ya maisha yake hadi 1875, aliporudi kwao Ujerumani akiwa karibu kipofu, na waliobatizwa katika miaka hiyo yote walikuwa wachache mno. Kwa hiyo wingi wa mikono katika jioni moja usitupe haraka ya kuandika ripoti.

Hata hivyo, ufupi wa safari peke yake si kosa. Huko Thesalonike, Luka anataja sabato tatu tu ambazo Paulo alihojiana na watu katika sinagogi (Matendo 17:2), kisha fujo ikatokea na ndugu wakamtorosha usiku. Lakini soma barua ya kwanza aliyowaandikia baadaye: anakumbuka kwamba alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu, na katika sura ya 3 anaeleza jinsi aliposhindwa kuvumilia zaidi akakubali kubaki Athene peke yake, ili Timotheo arudi kuwaimarisha. Ziara yake ilikatishwa, wala hakuihesabu kuwa imekwisha.

Kwa hiyo ninaiomba kila kamati ya umisheni, kabla haijapitisha bajeti ya Julai, itenge humo nauli ya watu wawili watakaorudi kijijini hapo Januari, bila jenereta na bila ratiba ya mikutano. Januari ni wakati wa palizi na ghala zimeanza kupungua. Watawakuta wenyeji shambani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hao wawili wasisubiri hiyo ya tatu. Jioni wamuulize mwinjilisti ni nani kati ya wale wa Julai bado anakuja ibadani, ni nani ameacha, na yule mzee wa shinikizo la damu anapata dawa wapi.